Waya Chini ya Tundu la Chaji

Manyatta, upande wa Chara
3 Juni 2024

Kwa Fundi Laban, Garsen

Assalaam alaikum.

Wewe hunijui. Mimi ni Barwako, mke wa Roba, au mjane wa Roba kama wanavyosema sasa. Barua hii na simu iliyofungwa nayo unaletewa na Menza, yule wa pikipiki anayebeba maziwa yetu kuja Garsen kila asubuhi. Menza anasema katika mafundi wote wa hapo wewe ndiye usiye na mdomo.

Utashangaa mtu kuandika barua zama hizi. Niko edani. Roba alikufa tarehe 27 Aprili akivusha ng'ombe mtoni, na kwetu Waislamu mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi, hatoki wala hasemi na wanaume wasiomhusu ila kwa haja. Simu yangu ninayo, lakini nyumba hii ni ya fito na mikeka, na mama mkwe wangu, Mama Hawa, ananisikia hata nikikohoa. Kusoma hajui. Kwa hiyo nakuandikia.

Simu ni ya Roba. Walimtoa majini ikiwa imefungwa kifuani mwake. Haiwaki. Aliwahi kuitengenezesha hapo Garsen mwezi wa tatu, kwa fundi gani hakuniambia. Mimi siihitaji ipate kutumika tena. Nataka kujua jambo moja tu: Roba aliizima mwenyewe, au ilizimika?

Mgonjwa hamfichi mganga, basi nitakueleza. Jumapili kabla hajafa alikuja nyumbani kuchukua majani ya chai na sukari. Binti yetu Asmaa alikuwa na homa. Nikamwomba akae siku mbili. Akasema mto unapanda, ng'ombe wana ndama wachanga, lazima wahamishwe. Nikamwambia, "Basi kaa na ng'ombe wako, usirudi." Akaenda. Kesho yake homa ya Asmaa ikashuka. Alhamisi chifu akapitisha habari kwamba maji mengi yanakuja kutoka juu. Nikampigia Roba mara kumi na moja, siku hiyo na Ijumaa. Kila mara yule mwanamke wa mtandao anajibu kwamba hapatikani. Jumamosi ng'ombe walitoka mtoni, yeye hakutoka.

Mdogo wake, Bule, alimwona Jumatano mchana akiifunga simu na kuitia kifuani. Anasema aliizima ili asinisikie. Mama Hawa ameshika neno hilo. Kwetu mke akifiwa na mume aliyekuwa hana radhi naye, ni jambo zito. Mama Hawa amesema siku ya kutoka eda, tarehe 2 Septemba, atatamka mbele ya wazee kama mwanawe alikufa akiwa radhi nami au la. Akisema la, mimi nitarudi kwa baba yangu peke yangu. Watoto, Nuh na Asmaa, watabaki hapa.

Sijalia tangu siku ile. Watu wanasema ni ugumu wa moyo, nami siwabishii. Tafadhali ifungue.

Barwako


Garsen, nyuma ya soko
5 Juni 2024

Mama Nuh,

Waalaikum salaam. Makiwa, na pole sana. Mimi ni Mkristo, Mpokomo wa Hewani, lakini msiba haumuulizi mtu anasali wapi.

Huyo Menza asikudanganye. Sina mdomo kwa sababu mchana kutwa nimebana waya wa solda kwa meno, ningesemaje? Yeye mwenyewe ameniletea simu hii na habari za nusu ya vijiji vya delta, na maziwa yakaanza kuganda.

Leo sijaifungua. Nina simu tisa mbele yake, na ya mwalimu mkuu iliyoanguka chooni, hiyo sitaki hata kuisimulia. Lakini usiwe na wasiwasi. Simu ndogo hizi za vibonye huwa hazifi kirahisi. Ikiwa kuna jambo la kujulikana ndani yake, nitalijua. Mwisho wa juma nitaiweka mezani.

Sumu ya kungoja naijua. Jikaze.

Laban, Fundi


Garsen
12 Juni 2024

Kwa Mama Nuh

Nimeifungua simu. Maji yaliingia ndani na bodi imeoza. Hakuna la kufanya. Haiwezekani kujua ilizimwa au ilizimika. Nimempa Menza akurudishie.

Pole.

Laban


Manyatta, upande wa Chara
14 Juni 2024

Fundi Laban,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako haijafika hata Tarasaa.

Simu hii ilikuwa ndani ya karatasi mbili za nailoni za mkate, moja juu ya nyingine, na shingo imefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Niliifungua mimi kwa mikono yangu siku ya mazishi. Ilikuwa kavu. Ndani ya karatasi kulikuwa na unga wa mkate, na unga ule ulikuwa mkavu. Hayo maji yako yalipita wapi?

Tena barua ya kwanza uliniandikia kama binadamu. Hii ya pili umeiandika kama karani wa wilaya. Katikati kuna mtu amekuja. Najua ni nani. Bule huenda Garsen kila siku ya mnada, na Bule ndiye aliyesema Roba aliizima. Neno lake likiwa uongo ataaibika. Kama amekuja kukukataza, niambie tu. Sitakulaumu. Kila mtu anataka kuishi kwa amani na watu anaokutana nao sokoni.

Huku siku zinapita. Asubuhi nasikia makopo ya maziwa yakipangwa, mchana nasikia mbuzi, jioni watoto wanalala. Nuh ana miaka saba na ameacha kuniuliza chochote. Mama Hawa anawalisha yeye, anawaogesha yeye. Hanitukani. Ananisogezea chakula na kuondoka. Nadhani anawazoesha.

Ningeweza kuogopa lakini siogopi. Nimekaa tu. Mtu akinichoma na sindano leo nitamwambia asante, nenda.

Narudisha simu. Menza amecheka, anasema hii simu sasa ina nauli nyingi kuliko abiria.

Barwako


Garsen
20 Juni 2024

Mama Nuh,

Bule simjui hata kwa sura. Hajaja, na mtu yeyote hajaja. Nilikudanganya mwenyewe. Maji hayakuingia. Naona haya kuandika hivyo, lakini nimeandika.

Acha nikueleze nilichokiona, polepole, maana wateja wangu wengi hudhani ndani ya simu mna uchawi. Ndani mna kibao kidogo, hiki chako si kikubwa kuliko kiberiti. Tunakiita bodi. Juu yake zimelazwa njia za shaba nyembamba sana, zimefunikwa rangi ya kijani zisigusane. Kila njia huishia kwenye kiraka cha shaba ambacho sisi tunakiita pedi. Kila kifaa kimeshikizwa juu ya pedi zake kwa solda, ile risasi inayoyeyushwa kwa moto. Pedi ikikosekana, kifaa kipo lakini hakifanyi kazi.

Tundu la chaji la simu hii lina pedi tano. Mbili hazipo. Ziling'oka, na zikang'oka pamoja na kipande cha njia. Huyo fundi wa mwezi wa tatu alipotoa tundu bovu alilivuta kabla solda haijayeyuka yote. Pedi zikaja nalo. Ndipo akaunga kwa waya mwembamba kama unywele. Kuunga si kosa, sote huunga, waya huo huitwa jampa. Kosa ni jinsi alivyouacha. Ilitakiwa aulaze, aufunike kwa rangi ya kijani, aiache ikauke kwa mwanga. Yeye alidondosha supa gluu akaridhika. Supa gluu haipendi jua wala mtikiso. Imepasuka, waya umeachia, na chaji haipiti.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: Roba hakuizima. Iliisha moto ikafa, na hata angeitia kwenye sola kutwa nzima isingeingiza chaji.

Naendelea kuitengeneza ingawa hukuniomba.

Laban


Manyatta, upande wa Chara
27 Juni 2024

Fundi Laban,

Barua yako nilimsomea Mama Hawa neno kwa neno. Nilidhani imekwisha. Alinisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja: "Waya ulikatika lini?"

Akajijibu mwenyewe, "Waya unaweza kukatika kabla, na unaweza kukatika siku ile maiti ya mwanangu ilipokuwa ikigongwa na magogo. Fundi wako hakuwapo. Bule alikuwapo, na Bule alimwona akiifunga na kuiweka mchana kweupe." Bibi huyu hajui kusoma lakini angefaa kuwa hakimu.

Kwa hiyo sasa nahitaji mtu mmoja. Nahitaji yule fundi aliyeivunja. Yeye ndiye anayejua aliuachaje waya huo. Labda Roba alimrudia, labda alimlalamikia. Garsen si Nairobi, mafundi wa simu hapo mnajuana. Wewe umeitambua kazi yake, umejua hata gundi aliyotumia. Nitajie jina lake.

Sitaki kulipiza kitu. Niandikie hapa jina tu, nami nitamtumia maneno kwa adabu. Nitamwambia aje siku hiyo, aseme mbele ya wazee kwamba kazi yake ilikuwa mbovu, kisha aende zake.

Lakini kati ya mimi na wewe, nitakuambia ukweli. Nikimfikiria mtu huyo, akiwa amekaa na chai yake, hajui kitu, nahisi kidogo kama nataka kukasirika. Ndiyo mara ya kwanza nahisi hivyo tangu Aprili. Nilikaribia kushukuru.

Barwako


Garsen
9 Julai 2024

Mama Nuh,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi ilikuwa ndogo na ngumu.

Nilitoa ule waya wa zamani na gundi yote. Chini yake bodi ilikuwa imeungua kahawia, nikaikwangua hadi nikafika mahali pazima. Kisha nikatafuta njia ya shaba ilipokatikia. Hapo unakwangua rangi ya kijani kwa ncha ya wembe, taratibu, mpaka shaba ing'ae, urefu wa chembe ya mchele hivi. Ukizidisha nguvu unaikata tena, na huna pa kuunga. Nilikata pedi mbili mpya kutoka bodi ya simu iliyokufa, nikazibandika mahali pa zile zilizong'oka. Nikalaza waya mpya, kila upande nikaushika kwa solda kidogo. Nikafunika kwa rangi ya kijani, nikaikausha kwa taa yake. Sikuigusa mpaka kesho yake. Nilipopima kwa mita ililia, maana yake njia imefunguka. Nimeitingisha, nimeiangusha mezani mara tatu. Haikuachia.

Simu imewaka Jumapili.

Najua unachotaka kuuliza. Hakuna kitu ndani. Simu ya mwisho aliyopiga ni ya tarehe 20 Aprili. Hakuna ujumbe kwako ulioandikwa nusu, wala hakuna uliopokelewa. Simu zako kumi na moja hazionekani, kwa sababu hazikufika. Namba yako ameiandika "Nyumbani". Basi. Simu haiwezi kumtolea mtu ushahidi wa moyo wake.

Kuhusu jina la fundi, nipe muda. Nitakuandikia nikiwa na uhakika.

Laban


Manyatta, upande wa Chara
12 Julai 2024

Fundi,

Uhakika gani? Uliijua gundi. Uliijua mikono yake ilivyovuta. Mficha uchi hazai, na wewe unamfichia mtu uchi wake huku mimi nahesabu siku. Zimebaki hamsini na mbili.

Jina.

Barwako


Garsen
15 Agosti 2024

Mama Nuh,

Menza ameniambia kila asubuhi kwa mwezi mzima kwamba unauliza. Nimekuwa nikimwambia niko safarini, naye ananiona nimekaa hapo hapo kwenye stuli yangu. Siku hizi yeye ndiye hana mdomo.

Fundi wa mwezi wa tatu ni mimi.

Simu ilipofika sikuitambua, simu za aina hiyo hupita kwangu kama kuku sokoni. Nilipofungua ndipo nikaona waya. Mtu huujua mkono wake. Nikaona na kijikaratasi chenye jina na namba yangu ambacho mimi hubandika chini ya betri za wateja. Nikafunga kifuniko, nikakuandikia habari ya maji.

Sasa namkumbuka Roba vizuri. Alikaa kwenye benchi, akaagiza chai mbili, moja yangu. Akanisimulia habari ya ndama aliyezaliwa na jicho jeupe. Hakuwa na haraka. Haraka ilikuwa yangu, kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Nililivuta tundu, nikasikia ule mlio mdogo, nikajua pedi zimetoka. Ningemwambia, "Bwana Roba, nimeiharibu, niachie mpaka kesho." Ni maneno machache. Nikatia waya, nikatia supa gluu, ikaingiza chaji, nikampa. Akanishukuru.

Kuna zaidi, na hili ndilo lililonishinda kuandika. Jumanne tarehe 23 Aprili alinipigia. Alipiga kwa simu ya mvuvi mmoja aliyekutana naye kandokando ya maji. Namba yangu aliisoma kwenye kile kijikaratasi. Akasema, "Fundi, simu yako imekufa, haishiki chaji tangu jana." Hakusema kwa ubaya. Nikamwambia aifunge vizuri isipate maji, aniletee Jumamosi siku ya mnada. Ndiyo maana Bule alimwona akiifunga. Mimi ndiye niliyemwambia aifunge. Kabla hajakata aliniuliza, "Namba zilizomo hazitapotea?" Nikamwambia hazitapotea. Akasema sawa. Kupigiwa huko kumeandikwa katika simu yangu mpaka leo, dakika moja na kitu.

Kwa nini sikusema? Niliogopa. Wewe unajua eneo letu. Habari ikitoka hapa kwamba kazi ya Laban ilikuwa mbovu, ikifika kwenu itakuwa Mpokomo kamuua Muorma. Nina mama mzee Hewani, nina dada zangu wana mashamba kando ya mto ambako ng'ombe wenu hupita. Hayo nilijiambia kila siku. Lakini sitaki kujipamba. Hofu kubwa ilikuwa nyingine. Sikutaka wewe ujue. Ulikuwa umeniandikia kama mtu mwema.

Nakuomba msamaha. Sijui mtu huombwaje msamaha kwa jambo kama hili.

Laban


Manyatta, upande wa Chara
19 Agosti 2024

Laban,

Nimeisoma mara tatu. Nilingoja hasira, ile niliyokuambia. Haikuja. Nilikaa na karatasi mapajani mpaka Asmaa akaja kuchukua kikombe.

Sijamwambia mtu. Nikimwambia Bule, vijana watakuwa Garsen kabla ya adhuhuri, na nimechoka na mazishi. Nikinyamaza, tarehe 2 wananichukulia watoto. Unaona ulivyoniweka. Siandiki hivi nikuumize, ndivyo mambo yalivyo.

Fanya hivi. Andika hayo yote kwa mkono wako, utie sahihi, umpe Menza. Mwalimu Abdullahi wa madrasa atayasoma siku hiyo. Ni mtu mzima na wazee wanamsikia, atajua kuyasoma bila kuwasha moto. Wewe usije. Kuhusu msamaha, sasa hivi nikitafuta ndani yangu sikuti kitu cha kukupa, wala cha kukunyima.

Nimekuuliza mwezi mzima. Usinifanye niulize tena.

Barwako


Manyatta, upande wa Chara
3 Septemba 2024

Kwa Laban, Garsen

Anayeandika ni Mwalimu Abdullahi. Maneno ni yangu mimi Hawa, mama yake Roba.

Tulingoja karatasi, ukaja wewe. Jana ulishuka kutoka pikipiki ya Menza na makopo matupu, ukasalimia, ukataja jina lako na kwenu Hewani kabla hujapewa pa kukaa. Bule alisimama. Wewe hukurudi nyuma. Nilimwambia Bule akae, akakaa, lakini si kwa ajili yako. Ni kwa sababu nilitaka kusikia.

Uliniwekea kidole changu juu ya ule waya wa zamani ulioutunza ndani ya kiberiti. Sioni vizuri, nikaugusa. Kitu kidogo vile.

Nilikuuliza mara tatu mwanangu alisema nini kwenye simu. Mara zote tatu ulisema maneno yale yale. Mtu anayetaka kunifurahisha angeongeza sukari mara ya pili. Angesema Roba alimtaja mkewe, angesema alicheka. Wewe hukuongeza. Kwa hilo nimekuamini. Na mtu anayeogopa namba zisipotee, kuna mtu wa kumpigia.

Nimemridhia mkwe wangu mbele ya watu. Watoto ni wake, na nyumba ni yake akitaka kukaa.

Wewe sijakuridhia. Wazee wamesema ni bahati mbaya, hukukusudia, na yaliyobaki watayasema na wazee wa kwenu kwa utaratibu. Hayo ni yao. Mimi nilizaa mtoto, nikamlea akawa mtu wa kuagiza chai mbili. Usiniletee salamu kwa Menza. Siku nikikuridhia nitakutumia neno. Nami ni mzee, kwa hiyo usikae ukinisubiri.

Hawa
(kwa mkono wa Mwl. Abdullahi)


Manyatta, upande wa Chara
11 Septemba 2024

Fundi Laban,

Eda imekwisha. Nimevaa nguo nyingine, nimekwenda kisimani na kurudi, wanawake wamenisalimia. Sasa naweza kukupigia simu kama watu wengine, lakini sauti yako niliyoisikia siku ile si ile niliyokuwa nikiisoma. Nimeona bora niandike.

Nilikuambia usije, ukaja. Sikukutazama. Nilikuwa nyuma ya pazia, nikasikia kila kitu. Ulipomaliza nilidhani nitaanguka au nitapiga kelele. Niliinuka nikaenda kuchemsha chai ya wazee. Nuh na Asmaa wanalala kwangu tangu siku hiyo. Nuh ameanza kuuliza maswali tena, mengi, mpaka anachosha.

Uliniomba msamaha. Kwa upande wangu nimekusamehe. Wa Roba si wangu kuutoa.

Kuna jambo moja nataka nikuambie, kisha nimemaliza. Miezi minne nilikuwa natafuta kitu kimoja, kwamba Roba hakuizima simu. Nilikitafuta kama mtu anayetafuta maji. Umenipa, na kimeniokolea watoto. Juzi nilikuwa nafua nguo za Nuh, likanijia jambo ambalo sikuwahi kulifikiria hata mara moja. Kama Roba angeizima kwa hasira, hasira ingepoa. Angeiwasha hata dakika mbili, akaona nimempigia mara kumi na moja. Angejua namtafuta, Asmaa amepona, arudi. Simu iliyokufa haikumwambia kitu. Aliingia mtoni akijua neno langu moja tu, lile la Jumapili.

Hapo nililia. Nilikaa chini na nguo mbichi mikononi, nikalia mpaka nikakauka sauti. Mama Hawa akatoka, akaketi kando yangu, akanishika kichwa. Akasema, "Lia, mwanangu, nimekuridhia, yamekwisha." Alidhani nalia kwa sababu hiyo.

Sikumwambia. Nimekuambia wewe, kwa kuwa sasa sote wawili tuna mtu mmoja wa kumwomba radhi, na hatuwezi kumfikia.

Barwako